Ukuta wa Kanada

Aurélie hakuteleza ulimi. Alisimama katikati ya chumba changu, mkoba kwapani, leso puani, mbele ya Mchungaji Dominiki na mbele ya Agathe jirani yangu, akalisema neno lile polepole ili lisimpite mtu.

"Mama Bonheur, wewe ni mchafu."

Mimi ni mjane wa muda mrefu. Pale sokoni Warwick, ninapouza ndagala, dagaa wakavu wa kwetu, na unga wa muhogo, watu wasionijua wameniita majina ambayo sitayarudia hapa. Niliyameza, kwa sababu asiyekujua hakuthamini. Lakini Aurélie ananijua. Mama yake alipofariki, mikono hii ndiyo iliyomwosha. Na chumba alichokuwa amesimama ndani yake nilikuwa nimekipiga deki mara mbili asubuhi ile, kwa maji ya dawa, mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Harufu ilikuwapo, sikatai. Madoa meusi yalikuwapo, yanapanda ukutani kutoka chini kama ndevu. Lakini hayakuwa yangu. Yaliletwa, na aliyeyaleta alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mikono nyuma, anatazama dari.

Huyo ni Mzee Zénon, mzee wa kanisa letu. Lazima nieleze alivyoingia chumbani kwangu na mbao zake, la sivyo mtu atasema namwonea.

Nyumba yetu iko Berea, hapa Durban, juu mgongoni mwa kilima. Ni nyumba ya zamani ya matofali, yenye madirisha marefu, ambayo kanisa linaipangisha kwa ajili yetu wajane. Jiko ni moja, uani, tunapokezana. Chumba changu ni cha pembeni, na ukuta wake mrefu unapigwa na mvua na upepo wa bahari. Kila mwaka rangi ilibanduka, na kila mwaka niliikwangua nikapaka chokaa. Ulikuwa ukuta mbaya wa sura, lakini ulikuwa ukuta. Unalowa, unakauka. Hakuna mgeni aliyewahi kuziba pua kwangu.

Ndipo Zénon akarudi kutoka Kanada.

Kwa watu wetu, sisi wakimbizi, Kanada si nchi, ni jibu la maombi. Nusu ya kanisa wana faili zao zinangoja huko maofisini, na wapo waliofunga kula mpaka wakazimia kwa ajili ya Kanada. Zénon faili yake ilipita. Alikaa Edmonton miaka mingi akijenga nyumba za watu, kisha akarudi Durban kumuuguza mama yake, akamzika, akabaki. Mtu aliyeipata Kanada akarudi kwa miguu yake mwenyewe, sisi tulimtazama kama Lazaro. Kila alichosema kilianza na "kule kwetu Edmonton", na sisi tukaitikia amina kabla hajamaliza.

Alipoingia chumbani kwangu mara ya kwanza aligonga ukuta kwa ngumi, akacheka.

"Maman, nyumba yenu inavuja hewa kama kikapu. Kule kwetu Edmonton ukijenga hivi wanakufukuza kazi. Nitakuvalisha huu ukuta. Hewa haitapita hata ya kumtosha sisimizi."

"Na maji ya mvua?" nikamuuliza.

"Maji ni mtoto mdogo. Mvuke ndio baba yao."

Akaanza kazi na vijana wake. Walipigilia mbao juu ya ukuta wa zamani. Katikati ya mbao wakashindilia pamba ya manjano, ile inayowasha ngozi. Juu ya pamba wakatandaza nailoni nzito, nzima, kutoka dari mpaka sakafuni, viungo vyake vimebandikwa kwa gundi. Juu ya nailoni wakafunga bodi za jipsamu. Kisha Zénon mwenyewe akashika bomba la silikoni, akapiga magoti, akaziba kila mwanya: chini kwenye sakafu, juu kwenye dari, kando ya dirisha, kuzunguka soketi ya umeme. Alifanya kwa makini, nitamshuhudia hilo. Hakuwa mvivu.

"Nailoni inazuia mvuke," akatuambia, "jipsamu inazuia hewa. Ni kufuli juu ya kufuli. Huku kwenu hakuna aliyewahi kuona kitu hiki."

Ndugu mmoja anayefanya kazi katika hoteli ya ufukweni alituletea kiyoyozi, hoteli ilipokuwa inabadilisha vyake. Zénon akakifunga juu ya mlango, akakiwasha, akageuka kuniangalia kama bwana harusi.

"Madirisha usifungue tena, maman. Ukifungua, umeniharibia."

Siku ya kukiweka wakfu chumba, kanisa lilikuja tukaweka mikono juu ya ukuta mpya, mweupe, laini kama yai. Aurélie, ambaye ndiye présidente, mwenyekiti wa akina mama, aliomba mpaka akatokwa machozi. Agathe, ambaye ni mtu wa Uvira na ulimi wake haujawahi kupumzika, akaninong'oneza sikioni, akiniita dada mkubwa kama wanavyoita kwao:

"Yaya, umefika Kanada bila viza. Usitusahau."

Nami nilifurahi. Kwa nini niseme uongo? Nililala nimejifunika blanketi mwezi wa kumi na moja, huku Agathe upande wa pili anajipepea na kifuniko cha sufuria.

Mwezi wa kumi na mbili joto la Durban lilikuja lenyewe. Wanaoishi hapa wanalijua. Nguo inakaa kwenye kamba kutwa nzima na jioni bado ni mbichi, chumvi inageuka uji kwenye chombo chake, viatu vya kabatini vinaota manyoya. Ndipo nikaanza kusikia harufu. Ilikuwa kama ya gunia la unga lililolowa chini na kusahauliwa. Nikainua godoro, nikatoa masanduku, nikaosha kila kitu. Siku nyingine nilipokuwa napangusa sakafu, nikaona mstari mweusi chini ya ukuta wa Kanada. Nikaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia.

Nikampigia simu Zénon. Alikuja, akachuchumaa, akanusa, akasimama.

"Unachemsha chai humu ndani?"

"Ninalo birika dogo."

"Unapiga pasi?"

"Jumamosi, nguo za kanisani."

"Unaanika chupi?"

"Mzee Zénon, hilo si la kuniuliza."

"Mvuke hauanguki kutoka mbinguni, maman. Unatoka kwako. Na hao mama wako wa Alhamisi, mko saba, mnaimba saa nzima mmefunga mlango. Kila haleluya ni maji. Mnaulowesha ukuta kwa pumzi zenu."

Kikundi chetu cha maombi cha Alhamisi kilikuwa kinakutana kwangu, popote nilipoishi, tangu mume wangu Ndikumana yuko hai. Lakini nikasema, huyu ndiye mwenye kuujua ukuta wake. Nikatii. Birika nikalitoa. Pasi nikaihamishia uani. Alhamisi nikaipeleka kwa Agathe, tukabanana pale kama ndagala kwenye mfuko. Niliacha hata kulia chakula chumbani. Nikafunga madirisha kama alivyosema, nikaacha kiyoyozi kinaunguruma, nikakaa mbali na ukuta ule kama mtu anayekaa mbali na mgonjwa.

Nami nikawa nauangalia. Ndiyo tabia yangu, naangalia. Nilivyozidi kutii ndivyo ulivyozidi kuoza. Nilimwambia Zénon hivyo, akasema sioni vizuri. Nikamwambia Mchungaji, akasema tuzidi kuomba. Nikamwambia Aurélie, naye akakusanya kamati.

Hivyo ndivyo walivyofika siku ile. Aurélie aliingia bila kubisha hodi. Akafunua blanketi langu, akalinusa. Akapiga magoti akatazama chini ya kitanda changu, mtu mzima mwenzangu, kama polisi.

"Ni ndagala," akasema. "Harufu ya ndagala imeingia mpaka ukutani."

"Ndagala zangu zinalala ghalani Warwick na za wenzangu. Hata moja haijawahi kulala hapa."

"Unakuja nayo mwilini."

"Aurélie, mimi nimeuza ndagala toka wewe hujaolewa. Naijua harufu yake kama ninavyoijua ya mwanangu. Hii si ndagala. Hii ni mbao inayooza."

"Mbao za Mzee Zénon hazijamaliza hata mwaka. Zinaozaje? Kanada wanakaa nazo miaka mia." Ndipo akasimama katikati ya chumba, akalisema lile neno.

Hakuishia hapo. Alisema kamati imeamua. Mwisho wa mwezi niende kwa mwanangu Bonheur, kule Pietermaritzburg, anakoendesha lori na kulala chumba kimoja na mke na watoto. Zénon atakarabati, na chumba atapewa mjane mwingine anayejua usafi. Soko langu liko Durban, kanisa langu liko Durban, kaburi la mume wangu liko Durban. Yote hayo aliyakunja kwa sentensi moja akayaweka mkobani.

Kisha akashusha sauti, akasema na mafuta ya upako yaletwe, kwa sababu huenda marehemu mume wangu hajakubali kuniacha na ndiye anayetoa harufu.

Ndikumana alikuwa mlinzi wa magari pale mjini, anasimama juani kutwa nzima, na kila jioni alioga kabla ya kugusa mtoto. Sasa ameshakuwa harufu.

Sikupiga kelele. Nilivuta kiti, nikakaa.

"Mchungaji," nikasema, "naomba sheria."

Dominiki ni mtu mpole, mpole kupita kiasi. Zénon alikuwa amemwahidi kuvalisha ukumbi wa kanisa bure, na tangu hapo Mchungaji alikuwa akimsikiliza Zénon kwa masikio yote mawili na sisi kwa moja.

"Sheria gani, mama?"

"Ya Musa. Ya nyumba yenye ukoma."

"Nyumba nayo inapata ukoma?" Agathe akauliza.

"Iko," Mchungaji akasema, bila kupenda. "Iko sheria kama hiyo."

"Basi tuifuate. Kuhani akiitwa, kwanza vitu vyote vinatolewa nje, ili vya mwenye nyumba visihesabiwe najisi pamoja na ukuta. Kisha anatazama. Kisha anafunga nyumba siku saba, asilale mtu ndani. Anarudi. Kama doa limetambaa, yale mawe yanatolewa. Nimeisoma mara nyingi, Mchungaji. Hakuna mahali kuhani anamuuliza mama wa nyumba amepika nini."

Zénon akaacha kutazama dari. "Franchement, kusema kweli, hayo ni mambo ya jangwani. Sisi hapa tunaongea sayansi. Huu ukuta haufunguliwi. Ukikata nailoni tu, kazi yote imekufa."

"Sijasema ufunguliwe leo. Nimesema ufungwe. Wewe si unasema ni pumzi yangu? Nitaitoa pumzi yangu humu. Ufunguo achukue présidente."

Aurélie akamtazama Zénon. Zénon akatabasamu, na nadhani tabasamu hilo alilijutia baadaye.

"Sawa," akasema. "Sharp. Mimi mwenyewe nitakiwasha kiyoyozi, baridi ya kutosha, na madirisha yote nitayafunga. Mtaona ukuta unavyopona ukipumzika na mtu."

Tukatoa vitu. Kitanda, kabati, masanduku, picha ya harusi, vyote vikakaa koridoni hadharani, wapita njia wa nyumba nzima wakavikagua. Aurélie akafunga mlango akaondoka na ufunguo. Nikahamia kwa Agathe, tukalala kitanda kimoja, na mwenzangu anapiga mateke.

Nyumbani ningeweza kuvumilia. Sokoni ndiko kulikonichoma. Neno la Aurélie lilikuwa limeshuka kilima kabla yangu. Mama mmoja wa kanisani, ambaye kila wiki hununua kwangu, alipita mezani pangu macho yamenyooka mbele akanunua kwenye meza ya tatu. Mwingine alishika ndagala, akazigeuza, akaniuliza kwa sauti ya huruma:

"Mama Bonheur, siku hizi unazipepeta?"

"Nazipepeta kama nilivyozipepeta ulipokuwa unanikopa," nikamjibu. Akaziweka chini, akaenda. Mteja akishakuweka chini hivyo, wenzake wanaona.

Jioni Agathe alinikuta nimekaa na mfuko uliojaa kama nilivyoutoa.

"Yaya, waache waseme. Maneno hayatoboi mwili."

"Yanatoboa mfuko wa unga," nikasema. "Na huyo bwana ameshapima chumba chako, nimemwona na futi yake. Mwezi ujao mchafu utakuwa wewe."

Agathe akainuka akaenda kuugonga ukuta wake kwa kidole.

Siku ya saba tulikusanyika mlangoni: Mchungaji, Aurélie, Zénon, Agathe na mimi. Aurélie alizungusha ufunguo, akasukuma. Harufu ikatoka kutulaki kama mbwa aliyefungiwa. Ndani kulikuwa na baridi ya duka la nyama. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu tupu, hata unywele hakuna. Na doa lilikuwa limepanda mpaka kwenye soketi ya umeme. Pale chini jipsamu ilikuwa imevimba kama mkate uliotiwa kwenye chai.

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma peke yake.

"Présidente," Agathe akasema, "nani alikuwa anapika humu?"

Aurélie alitoa leso mkobani, akaipeleka puani, halafu akairudisha mkobani.

"Huenda ni bomba," Zénon akasema. "Bomba la jirani limepasuka."

"Upande ule hakuna jirani," nikamwambia. "Iko bustani tu."

Mchungaji alivua koti lake, akamkabidhi Agathe. Sijui ni nini kilichomgusa. Labda ni baridi ile, labda ni kwamba Musa alikuwa amesema na sasa sote tulikuwa tunamtazama yeye.

"Mawe yanatolewa, Mzee," akasema. "Kata."

"Mchungaji, nikikata..."

"Kata."

Zénon alitoa kisu chake. Alichora mraba usawa wa magoti, akaubandua. Bodi ilitoka vipande vipande. Upande wake wa chumbani, juu ya lile doa, palikuwa pakavu na peupe. Nyuma yake ikaonekana nailoni, na nyuma ya nailoni, upande wa matofali, maji yalikuwa yamesimama matone kwa matone, makubwa, yanatelezeana na kushuka kama jasho mgongoni mwa mbeba mizigo. Upande wetu nailoni ilikuwa kavu. Nilipitisha kiganja changu juu yake, nikamwonyesha Mchungaji. Kikavu.

Zénon akaichana. Maji yakamwagika juu ya viatu vyake. Pamba ya manjano ilikuwa nyeusi, imelala chini kama paka aliyekufa maji. Mbao ya chini aliigusa kwa ncha ya kisu, kisu kikaingia mpaka mpini. Alitia mkono ndani, akashika tofali, akauacha mkono pale.

Nilimwangalia usoni. Nasema kweli, niliona alipoelewa. Huyu si mtu mjinga, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

"Sema, Mzee," Mchungaji akamwambia. "Maji haya yametoka kwa mama?"

"Hapana." Akaendelea akiwa bado anatazama ndani ya tundu. "Kule Edmonton baridi iko nje. Mvuke unatoka ndani ya nyumba, kwenye joto, unataka kwenda nje. Kwa hiyo nailoni unaiweka huku, upande wa ndani, unaukamata kabla haujafika kwenye baridi. Hapa..." Akautoa mkono, umelowa. "Hapa joto na mvuke viko nje. Tofali limelowa mvua, limepigwa jua, linapumua kuja ndani. Linakuja, linakutana na nailoni, na nailoni ni ya baridi kwa sababu ya kiyoyozi. Maji yanashika pale pale. Hayana pa kutokea, nimeziba kila mahali."

"Kwa hiyo nilivyozidi kufunga madirisha na kuwasha baridi?" nikamuuliza.

"Ndivyo ulivyozidi kuyatengeneza."

"Nilivyokutii."

Zénon akapangusa kisu kwenye suruali. "Edmonton nimejenga nyumba nyingi hivi, hata moja haijaoza," akasema. "Hali ya hewa ya Durban ina tabia mbaya."

"Eish," Agathe akasema. "Sasa mchafu ni Durban."

Aurélie akacheka, kile kicheko cha kutafuta mlango. Akanishika bega. "Basi, mama, Mungu ni mwema. Utabaki chumbani kwako. Mzee ataondoa haya makorokoro, utapaka chokaa chako. Yameisha."

"Hayajaisha," nikasema.

"Unataka nini tena?"

"Umeniita mchafu."

"Mama Bonheur, hasira si tunda la Roho. Tusameheane."

"Nimekusamehe hapa hapa, Mungu ameona. Lakini neno lako halipo hapa. Liko Warwick, limekaa mezani kwangu, linafukuza wateja. Limo kanisani. Ulilitoa mbele za watu, ukaliondoe mbele za watu. Na wewe, Mzee, hali kadhalika."

Mchungaji alisema Jumapili mambo yatakaa sawa. Alisema kwa sauti ile ya kufunga mkutano.

Jumapili nilivaa kitenge changu kizuri nikaketi mbele. Ukumbi wetu uko juu ya maduka, karibu na kituo cha taxi, na honi huingia madirishani hata wakati wa sala. Matangazo yalisomwa. Mchungaji alitangaza kwamba "shida ya ukuta kule nyumba ya wajane imepatiwa ufumbuzi", akageuza karatasi. Aurélie alikuwa anarekebisha kilemba. Ikafika saa ya ushuhuda, ambapo kwa desturi yetu yeyote anasimama na hakuna anayemkatiza mpaka akae mwenyewe. Zénon akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Wapendwa, adui ni mwerevu. Adui aliona kazi ya mikono yangu, kazi niliyomtolea Bwana kwa wajane, akaingia katikati ya ukuta akaweka maji. Alitaka kuleta fitina kanisani. Lakini Bwana amemfichua, naye ameshindwa."

Kanisa likapiga makofi. Mpiga ngoma akagonga mara mbili. Aurélie alipiga makofi kuliko wote.

Nimempinga Shetani maisha yangu yote. Nimefunga kula dhidi yake. Lakini siku ile nilimwona anasingiziwa. Nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina."

"Shetani ana kesi nyingi, hii si yake. Shetani hakushika bomba la silikoni. Hakuniambia nifunge madirisha. Ukuta wa chumba changu uliozeshwa na ujenzi wa Kanada uliofanywa Durban, na aliyejenga ni Mzee Zénon, naye analijua kosa tangu Ijumaa. Mtu kukosea si dhambi. Lakini kabla ya kosa kujulikana kuna mtu alitafutwa wa kulibeba, akapatikana mjane. Nilinuswa blanketi. Nilitazamwa chini ya kitanda. Mume wangu aliyelala kaburini akaitwa harufu. Na mimi nikaitwa mchafu, na ninyi mkaliamini neno hilo, mkapita mezani pangu macho mbele."

Mchungaji akanyanyuka nusu. Mwimbishaji akaanza pambio, sauti moja nyembamba. Agathe, ambaye hukaa karibu na ngoma, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma, akakiacha pale. Pambio likakosa miguu, likafa.

"Mama, umeeleweka," Mchungaji akasema. "Keti sasa."

"Bado ninashuhudia, Mchungaji. Nangoja mashahidi wangu."

Nikabaki nimesimama. Honi za taxi zilipita. Watoto walianza kugeuka kuwatazama mama zao. Zénon ndiye aliyenyanyuka kwanza, polepole, bila Bwana asifiwe.

"Niliweka nailoni upande usio wake," akasema. "Mama hakuhusika. Chumba cha Agathe sitakigusa, na ukumbi huu pia sitauvalisha. Kesho nabomoa." Akakaa, na mwili wake ukawa mdogo ndani ya koti.

Nikaendelea kusimama. Miguu yangu imezoea, meza yangu sokoni haina kiti. Nilikuwa namtazama Aurélie, naye alikuwa anautazama mkoba wake kama kuna mtu ndani yake wa kumsaidia. Mwishowe akainuka.

"Mama Bonheur si mchafu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

"Huku nyuma hatujasikia," Agathe akasema.

Aurélie akavuta pumzi. Akageuka akalielekea kanisa, wale mama wa meza ya tatu wakiwa ndani yake, akasema tena, na safari hii sauti ilifika ukutani ikarudi.

"Mama Bonheur ni mtu msafi. Mimi ndiye niliyemnenea uongo."

Ndipo nikaketi. Nikamwambia Agathe auondoe mkono wake kwenye ngoma, watu waimbe.